Idara yetu inapewa mzabuni kuanzia Julai. Chama cha wafanyakazi tunahama nacho au kinabaki getini?

Spana_17:

Habari za jioni wakuu. Ntajitahidi nisiwe mrefu ila najijua.

Mimi ni fundi magari kwenye taasisi moja ya umma hapa Dar, jina lake naliacha maana bado ndo inanilisha. Karakana tupo 43, mafundi na madereva ukijumlisha na vijana wa matairi, mimi mwaka wa 17 huu. Jumatatu tumeitwa ukumbini, tukajua ni mambo ya bima, kumbe afisa utumishi kashika karatasi anasoma bila hata kuinua kichwa kwamba menejimenti imeamua kubaki na majukumu yake ya msingi, hivyo kuanzia tarehe 1 Julai usafiri, usafi na ulinzi vinaenda kwa mzabuni. Tenda ishatangazwa kitambo sisi hatuna habari. Tukagawiwa fomu ya ukurasa mmoja, chini ina viboksi viwili. A, niko tayari kuajiriwa na mtoa huduma. B, siko tayari. Basi. Ukichagua B kinakutokea nini haijaandikwa, tulivyouliza akasema hilo litatolewa ufafanuzi. Ukichagua A mshahara ni shilingi ngapi, mkataba wa muda gani, hii miaka yangu 17 inaenda wapi, nako ufafanuzi. Fomu zirudi ijumaa hii.

Sasa kilichonifanya niandike ni chama. Kila mwezi nakatwa asilimia 2, kwenye slipu yangu ni 12,400, na sijawahi kulalamika. Tuna tawi, tuna mwenyekiti, tuna mkataba wa hali bora uliosainiwa ambao ndo unatupa ovataimu, posho ya mazingira magumu na gharama za mazishi. Nimemfuata mwenyekiti, yeye ni mhasibu pale juu ghorofani, idara yake haiguswi. Kaniambia "tulia kwanza tusubiri maelekezo ya mkoa." Kesho yake namwona kantini nikamsalimia, akaitika huku anatafuta simu mfukoni.

Maswali yangu: tukihamia kwa huyo mzabuni chama kinatufuata au ndo basi? Na ule mkataba wa hali bora unaendelea kufanya kazi? Kuna mtu hapa kapitia hili, iwe bandarini, reli, maji, popote? Msinipe siasa jamani, nataka mtu aliyeona.

Bodaboda Msomi:

Mkuu chama cha wafanyakazi nchi hii kazi yake inajulikana, fulana na kofia za Mei Mosi. Hiyo 12,400 ungekuwa unanunulia hisa miaka yote hiyo leo ungekuwa wewe ndo mzabuni 😂

Mzee_wa_Keko:

Mwanangu Spana pole. Huyo wa bodaboda msamehe ila kwenye utani wake kuna kitu, nitakuambia.

Mimi nimeshuhudia miaka ya 90, shirika letu lilikuwa la umma, silitaji. Mnakumbuka PSRC ilianzishwa 1993 kusimamia kubinafsisha mashirika ya umma, karibu 400 yalikuwa kwenye orodha. Zamu yetu ilivyofika tulikuwa na tawi lenye ofisi kabisa, meza, kabati la mafaili, picha ya Mwalimu ukutani, na ufunguo ulikuwa unakaa kwa katibu. Mnunuzi alivyoingia wiki ya kwanza hakugusa mashine hata moja, alibadilisha walinzi wa getini tu. Wiki ya pili ikabandikwa orodha ya ridandansi, yaani wanaopunguzwa kazi, getini nje, yaani unaisoma ukiwa barabarani na wapita njia wanasoma na wewe. Jina la kwanza katibu wa tawi. La pili mtunza hazina wa tawi. Hawakutufukuzia chama, wala hawakukitamka, walikata kichwa tu na mwili ukaenda wenyewe. Ile ofisi nimekuja kuingia miezi kadhaa baadaye kufuatilia cheti changu, nimekuta madebe ya rangi mpaka dirishani.

Sasa kwa nini ilikuwa rahisi vile? Vijana wengi hawajui hivi vyama vimetoka wapi. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, ilianzishwa 1955, na ile ilikuwa ya watu wenyewe, inagoma inabishana mpaka na TANU. 1964 baada ya yale maasi ya wanajeshi serikali ikaivunja ikaunda NUTA, chama kimoja cha nchi nzima, kwa sheria ya bunge, na katibu mkuu wake alikuwa ni waziri wa kazi huyohuyo, Kamaliza. Fikiria mwenyewe, unaenda kumlalamikia nani? Ikaja JUWATA ikawa jumuiya ya CCM, ikaja OTTU 1991, TFTU 1995, mpaka TUCTA, shirikisho tulilonalo. Miaka yote hiyo mtu ulikuwa unaajiriwa unajikuta mwanachama, makato yanakuja yenyewe, kiongozi hajui kutafuta mwanachama maana hajawahi kuhitaji kumtafuta. Mwajiri ni serikali, chama ni serikali, wote baba mmoja. Siku baba anauza nyumba ndo unagundua hujui kupika.

Sisemi enzi zile hakukuwa na kitu. Mwongozo wa TANU wa 1971 ile ibara ya 15 ilikataza viongozi kuwa na kiburi na dharau, watu waliichukua kama silaha, 1973 wafanyakazi wa Mount Carmel Rubber hapahapa Dar walikishika kiwanda wakakiendesha wenyewe. Ila angalia vizuri, wale walijipanga wenyewe, NUTA haikuwatuma.

Ushauri wangu usisubiri mkoa. Mkoa unasubiri taifa.

Dada wa Korido:

Kaka Spana mimi nipo upande ule unaoenda wewe kwa hiyo ngoja nikusimulie.

Nafanya usafi hospitali moja ya serikali, wodi ya akina mama. Kabla sijaja wasafishaji walikuwa watumishi wa hospitali kabisa, kuna mama mmoja mstaafu alikuwa ananiambia walikuwa kwenye TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, pamoja na manesi, nesi akipata nyongeza na wao wanasikilizia. Mimi nimeingia kwa kampuni. Toka nimeanza nimeshavaa fulana tatu za kampuni tatu, ya bluu, ya kijani ya mzungu, na sasa hivi ya chungwa. Korido lilelile, ndoo ileile imeandikwa WODI kwa rangi nyekundu, supavaiza yuleyule maana kila kampuni inayoshinda tenda inamchukua. Kinachobadilika ni jina kwenye mkataba na kila likibadilika mimi naanza upya, sina mwaka hata mmoja wa utumishi ukiniuliza kwa karatasi. Likizo ya kulipwa ndo naikaribia tenda inaisha.

Tulishajaribu chama. Kwenye fulana ya kijani tulipata wenzetu 31 kati ya 50 na kitu, tumejaza fomu, tumepeleka kampuni, wanasema tutaifanyia kazi, wakaifanyia kazi kweli mpaka tenda ikaisha mwezi wa sita. Kampuni mpya ikaja ikasema hizo fomu zenu za kampuni ile, hatuzijui. Tukaanza moja. Safari hii tumepata 9, wengine wanasema dada hata tukijaza si watabadilisha tena fulana.

Na kitu kingine ambacho hakuna mtu anakisema. Manesi ni marafiki zetu, tunakunywa chai pamoja, ila wakiwa na kikao cha chama wanaingia ukumbini na sisi tunabaki nje tunasubiri watoke tudeki. Sio roho mbaya, ni kwamba hatuko kwenye chama chao, mwajiri tofauti. Mabeseni tunabeba wote, damu tunafuta sisi.

Spana_17:

Dada umenimaliza hapo kwenye ndoo. Nimewasomea jamaa wa karakana kwa sauti, hamna aliyecheka.

Mzee wangu wa Keko shikamoo, nimekuelewa, ila swali bado. Kisheria ikoje?

Kifungu kwa Kifungu:

Mimi sio wakili, ni mtu niliyeburuzana na mwajiri CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, mara mbili, nikashinda moja. Haya ninayoyajua, ila kabla ya ijumaa tafuteni mtu wa sheria awasomee hiyo fomu yenu.

Kwanza chama. Uanachama ni wako wewe, sio wa taasisi. Ila makato na utambuzi ni mambo ya mwajiri. Makato yanatoka kwa sababu ulijaza ile TUF 6, fomu ya kukubali kukatwa ada ya chama, ikapelekwa kwa mwajiri wako. Ukibadilisha mwajiri fomu ile haikufuati, unajaza nyingine. Na utambuzi ni hivi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 67 inasema chama chenye wengi mahali pa kazi ndo kinatambuliwa kujadiliana na mwajiri kwa niaba ya wote pale. Wengi maana yake zaidi ya nusu ya kundi husika. Kikishampa taarifa mwajiri, ana siku 30 za kukutana nacho wakubaliane, asipotaka mnaenda CMA. Kwa hiyo huyo mzabuni akiwachukua nyie 43 akawachanganya na madereva wake 200 wa sehemu zingine, hesabu inaanza upya na nyie ni wachache. Ndo ubinafsishaji unavyokimaliza chama bila kukigusa, unakigawanya kwanza halafu unakitaka kijihesabu.

Pili mkataba wa hali bora. Umesainiwa kati ya chama na taasisi. Mzabuni hakuwepo mezani. South Africa wana kifungu cha 197 kwenye sheria yao ya kazi, biashara ikihama mikono mfanyakazi anahama na haki zake na miaka yake. Uingereza nao wana kanuni zao wanaita TUPE toka 1981. Sisi kwenye sheria yetu ya 2004 hakuna kifungu kama hicho. Kwa hiyo kinachowalinda ni kile mtakachokiandika kwenye makubaliano ya kuhama, KABLA ya kuhama. Baada ya hapo ni hisani.

Tatu hiyo miaka 17. Kama mwajiri anawaondoa kwa sababu ya kubadilisha muundo, huko ni kupunguza wafanyakazi, kifungu cha 38. Anatakiwa atoe taarifa, aeleze sababu, ashauriane na chama kinachotambuliwa kuhusu namna ya kuepuka, nani aondoke kwa vigezo gani, na malipo. Ashauriane maana yake kabla hajaamua, sio kuwasomea karatasi ukumbini. Na kile kiinua mgongo cha kisheria msikitegemee, ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka na mwisho wanahesabu miaka 10. Ndugu yangu miaka yako 17 kwa sheria ni siku 70. Saba kati ya hiyo imeyeyuka. Kinachoweza kuzidi hapo ni mkataba wa hali bora ukisema hivyo, kwa hiyo kautafuteni nakala leo, someni kipengele cha kupunguzwa kazi. Nusu ya wanachama hawajawahi kuuona mkataba wao.

Nne, hapa ndo pa kuangalia sana. Sasa hivi nyie ni watumishi wa umma. Toka marekebisho ya 2016 kuna kifungu cha 32A kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma, lazima umalize kwanza njia za ndani ya utumishi kabla ya kwenda CMA. Ukishasaini kwa mzabuni wewe ni wa sekta binafsi, mambo yako ni CMA moja kwa moja, na kule muda ni mfupi, siku 30 toka umeachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Watu wengi wanapotea hapo katikati, hajui yeye ni wa mlango gani, anapigwa danadana siku zinaisha.

Na hicho kiboksi A, soma kama hakijageuzwa kuwa barua ya kuacha kazi kwa hiari. Ukiacha mwenyewe hujapunguzwa.

Tenda ni Tenda:

Nitatukanwa ila ngoja niseme. Mimi nipo upande wa hizo kampuni mnazozisema, nipo HR.

Sio kila kilichobinafsishwa kimeua chama. NMB hiyo hapo, imetoka kwenye NBC ya zamani ilivyogawanywa 1997, wakaja wabia wakiongozwa na Rabobank 2005, leo TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, wako pale na wanasaini mkataba wa hali bora. Kwa nini? Kwa sababu wafanyakazi wa benki wako wengi sehemu moja, wana ajira za kudumu na wanajua hesabu. Chama kikiwa na watu kampuni inakaa mezani, hatuna ugomvi na mtu. Tatizo viongozi wa matawi ya umma wamezoea mwajiri anayewaogopa wanasiasa. Wanakuja kwetu na barua inaanza "tunaelekeza". Unamwelekeza nani?

Alafu tuwe wakweli, hiyo karakana, kuna gari limelala humo miaka mingapi linasubiri plagi? Mtu binafsi hawezi kuvumilia hilo.

Spana_17:

Tenda, gari lipo kweli, limelala miaka miwili. Linasubiri injekta, na ombi la injekta nimelijaza mimi mara nne, nakala ninazo. Fundi hanunui spea, ununuzi ndo wananunua. Kwa hiyo wanaoondoka ni mafundi na ununuzi wanabaki.

Ila hilo la benki nimelikubali, limenifikirisha. Tuko 43 tu.

Tenda ni Tenda:

Hapo kwenye injekta umenipiga bao, nakubali.

Relini Gerezani:

Tenda, umechagua mfano uliofaulu. Ngoja mimi nitoe ile mingine ambayo ipo magazetini, sio siri ya mtu.

Reli: 2007 RITES ya India wakapewa asilimia 51, serikali 49, mkataba miaka 25, ikaitwa TRL. TRAWU, chama cha wafanyakazi wa reli, ilihama na watu wake kwa hiyo chama kilibaki na nguvu, na kilichofuata mnakijua, migomo kwa ajili ya mishahara, mwekezaji anasema hana hela, serikali inaingiza mkono mfukoni. Miaka 25 haikufika hata mitano, 2011 serikali ikawa imerudisha hisa zote, na sheria ya 2017 ikairudisha TRC.

Umeme: 2002 NETGroup wa South Africa wanaingia TANESCO kuongoza, wafanyakazi wanapinga, menejimenti mpya ikaingia ofisini kwa ulinzi wa polisi. Mkataba uliisha 2006.

Maji: City Water, wakaanza Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka 10, Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa. Mei 2005 serikali ikavunja, ikaja DAWASCO, kampuni ya umma. Fundi bomba yuleyule alikuwa DAWASA, akawa City Water, akawa DAWASCO, ndani ya miaka miwili, bomba lilelile linavuja Temeke. Kesi ikaenda ICSID, baraza la kimataifa la migogoro ya uwekezaji, hukumu 2008, Tanzania ikaambiwa imekosea kwenye namna ilivyowaondoa ila hailipi fidia. Kitu kilichonishangaza mimi nilivyosoma ile kesi, mashirika ya kiraia yaliomba kuleta hoja zao na yakaruhusiwa, LEAT, LHRC, TGNP na mawili ya nje. Chama cha wafanyakazi hakimo kwenye orodha. Yaani kesi ya maji ya Dar inaamuliwa, wanaharakati wapo, wanaoziba mabomba hawapo.

Kwa hiyo tofauti ya reli na ile hospitali ya dada sio kwamba mmoja alibinafsishwa na mwingine hakubinafsishwa. Reli waliuza treni nzima na watu ndani, chama kikabaki kimoja. Hospitali wanauza vipandevipande, usafi huku, ulinzi kule, chakula kwa mwingine. Kipande hakigomi. Na Spana nyie mnauzwa vipande vitatu kwa mpigo, hao wa usafi na ulinzi wenzenu mmeshaongea nao?

Spana_17:

Hapana. Kusema ukweli hatujaongea nao. Walinzi tulikuwa tunagombana nao kuhusu kupekuliwa getini.

Bodaboda Msomi:

Kwani si mgome tu ijumaa kabla ya fomu? Magari yote yalale. Mkurugenzi apande mwendokasi.

Kifungu kwa Kifungu:

Usimpoteze mwenzio. Mgomo una taratibu zake, usuluhishi kwanza, kura, notisi. Na kuna huduma muhimu ambazo kwa kawaida haziruhusiwi kugoma, kifungu cha 77: maji na usafi wa maji taka, umeme, afya na maabara zake, zimamoto, kuongoza ndege, na usafiri unaohitajika kuziendesha hizo. Angalia huo mstari wa mwisho vizuri, madereva. Kama taasisi yenu inahudumia mojawapo ya hizo, hata wewe wa usafiri umo. Na marufuku hiyo haiondoki kwa sababu mwajiri amekuwa kampuni, inafuata kazi sio mwajiri. Ulinzi wa utumishi wa umma ndo unaobaki getini, marufuku ya mgomo unahama nayo.

Dada wa Korido:

Ahaa. Hilo ndo nilikuwa silijui. Kumbe mimi sio mtumishi wa afya wakati wa nyongeza ila ni mtumishi wa afya wakati wa kugoma.

Mzee_wa_Keko:

Marahaba mwanangu Spana, jana sikuitika.

Nyongeza moja kuhusu hayo mafao. Wazee wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mnawakumbuka? Jumuiya ilivunjika 1977, wakawa wanafuatilia mafao yao mpaka miaka ya 2000, wanalala chini barabarani hapa mjini na magodoro, wengine wamekufa wakiwa na karatasi mkononi. Na hao mwajiri wao zilikuwa serikali tatu, sio kampuni ya briefcase. Usikubali neno "utaratibu utafuata" kwenye pesa. Pesa iandikwe, nani analipa, lini, kutoka fungu gani. Na ulizeni hiyo michango ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inakuwaje mkihamia binafsi ambako wenzenu wako NSSF, msije mkajikuta mnaanza foleni mbili za kikokotoo, yaani hesabu ya mafao.

Kuhusu walinzi, achana na ugomvi wa kupekuliwa. Mlinzi ndo mtu wa kwanza kuona mgeni akija na tepu kupima ofisi.

Bandari Salama:

Niongezee kidogo. Ule mjadala wa 2023 wa kuipa DP World ya Dubai bandari, nchi nzima iligombania miaka ya mkataba, mara 30, mara haina ukomo, bunge, mahakama, kila mtu mtaalamu wa mikataba. Serikali ikasema hadharani hakuna mfanyakazi atakayepoteza kazi. Sawa, sibishi. Ila hilo ni jibu la swali la kazi. Swali la nani atakaa mezani na mwajiri mpya na kwa mkataba gani wa hali bora, hilo halikuwa na mashabiki, halikuwa na hashitegi. Mtu anaweza kubaki na kazi ileile na mshahara uleule leo, na mwakani hana wa kumuuliza. Mkitoa madai yenu msiombe kazi tu, ombeni na kiti.

Tenda ni Tenda:

Spana nikupe siri ya upande wetu, usiseme umetoa kwangu. Kampuni ikishinda tenda bei ishafungwa. Tumeshajaza kwenye zabuni gharama ya watu 43 kwa mshahara fulani, na mara nyingi tumejaza wa chini kidogo ili tushinde. Ukija kudai mwezi wa nane sina hata nikitaka. Mwenye hela ni taasisi yako, na anaitoa kabla mkataba wa tenda haujasainiwa. Kwa hiyo kama mnataka miaka yenu, ovataimu na chama viheshimiwe, iandikwe kwenye masharti ya tenda yenyewe, kila mzabuni aijumlishe kwenye bei yake. Ulizeni kama mkataba ushasainiwa au bado ni barua ya kusudio tu. Kama bado mna siku chache.

Spana_17:

Wakuu mrejesho.

Jana saa kumi baada ya kazi tumekutana chini ya ule mwembe nyuma ya karakana, tumekuja 38, na walinzi wamekuja 11 na mama wa usafi wamekuja karibu wote, sijawahi kuwaona wote pamoja kumbe ni wengi kuliko sisi. Mwanzo ilikuwa kimya kidogo, walinzi wamesimama upande wao. Nikasoma ile stori ya ndoo ya Dada wa Korido. Mama mmoja wa usafi akasema, sasa mbona ni sisi hao.

Tumekubaliana fomu hairudi ijumaa, si A wala B. Badala yake inaenda barua moja, sahihi za idara zote tatu, inaomba mambo manne: nakala ya uamuzi wenyewe, kikao cha mashauriano na chama, maandishi kuhusu miaka na mifuko, na kama mkataba wa tenda haujasainiwa haya yaingizwe kwenye masharti. Binti wa masjala ametusaidia kuchapa. Nakala ya mkataba wa hali bora tumeipata kwa katibu muhtasi, imekunjwa ndani ya kalenda ya 2019, kipengele cha kupunguzwa kazi kipo na ni zaidi ya siku 7, nusu mwezi kwa kila mwaka na hakina kikomo cha miaka 10. Nilikuwa nakatwa 12,400 kwa ajili ya karatasi ambayo sijawahi kuishika.

Mwenyekiti tulimpigia tukiwa palepale, spika ikiwa juu. Kasema yuko msibani Kibaha. Leo asubuhi kaja mwenyewe karakana, kasimama mlangoni asichafue viatu, anauliza barua ataipitisha nani. Fundi matairi akamwambia wewe, ndo maana tumekuachia nafasi ya sahihi pale juu. Ameondoka nayo. Hadi naandika hivi hajairudisha, na ofisi inafungwa saa tisa na nusu.

Tunayo nakala ya pili.

Dada wa Korido:

Kaka mkiwa na fomu za TUF 6 za ziada naomba. Huku kwetu fulana ya chungwa inaisha mwezi wa sita, nataka safari hii nianze kabla hawajaja.

Spana_17:

Zipo 20. Nakuja hospitali jumamosi kumwona shemeji kajifungua, niambie wodi.

Dada wa Korido:

Ulizia msafishaji wa wodi ya akina mama. Ndoo imeandikwa kwa rangi nyekundu.